KASI YA MASHINE NA MWILI WA MWANACHAMA
Somo la afya na usalama kazini kwa vyama vya ushirika vya Kinondoni na Temeke



Somo hili limetayarishwa ili lisomwe kwa sauti katika mikutano ya vyama na kujadiliwa. Yafaa lisomwe kwa vikao viwili: sehemu ya kwanza hadi ya nne katika kikao cha kwanza, na zilizobaki katika kikao cha pili. Katibu na awe na daftari na kalamu, kwa kuwa mwishoni mwa somo ipo kazi ya kufanya.

Lengo la somo ni mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama atambue hatari ambazo vifaa vipya vimeziingiza katika kazi yake. Pili, afahamu sheria inamlinda nani, na inamwacha nani nje. Tatu, chama kijue wajibu wake kwa mwanachama ambaye hana mwajiri mwingine wa kumwendea.

1. Jinsi kazi zilivyobadilika

Zamani tulipotaja mfanyakazi wa jiji la Dar es Salaam, fikra zilikwenda moja kwa moja kwenye kiwanda. Kilikuwapo kiwanda cha nguo cha Urafiki kule Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Vilikuwapo viwanda vya Chang'ombe na vile vya kandokando ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Mfanyakazi aliingia kwa lango moja na kutoka kwa lango hilo hilo. Mwenye kiwanda alijulikana, msimamizi alijulikana, na mkaguzi wa serikali alijua mahali pa kubisha hodi. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 iliwekwa kwa kazi za namna hiyo: jengo, mashine, mwajiri na mwajiriwa.

Tangu miaka ya 1980 mambo yalianza kugeuka. Viwanda vingi vilipunguza watu, vingine vikafungwa, na katika miaka ya 1990 mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa. Kazi haikutoweka, ilihama. Ilihamia uani, barazani, kwenye vibanda vya Keko, vijiwe vya Tandika na Mbagala, na kando ya barabara za Mwenge na Tegeta. Sasa imehama tena, imeingia ndani ya simu. Dereva anaitwa na simu, fundi anapokea oda kwa simu, na katibu anatuma taarifa za chama kwa kompyuta.

Katika uhamaji huu wote, jambo moja limepotea njiani, nalo ni lile lango. Palipokuwa na lango palikuwa na mtu wa kuulizwa mfanyakazi anapokatwa kidole. Leo kijana wa pikipiki akianguka saa tano za usiku kati ya Mbagala Rangi Tatu na Chamazi, nani ataulizwa? Mwenye pikipiki atasema amempa kwa mkataba. Wenye programu ya simu watasema wao huunganisha tu abiria na dereva. Abiria atashuka na kutafuta usafiri mwingine. Swali hili ndilo kiini cha somo letu.

2. Kisichobadilika ni mwili

Mashine huongezwa kasi kwa kuzungusha kitufe, lakini mwili wa binadamu hauna kitufe cha namna hiyo. Unahitaji usingizi, chakula, maji na mapumziko leo kama ulivyohitaji wakati wa mababu zetu. Ndiyo maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ikaweka mipaka kwa walioajiriwa: saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 za mapumziko kila wiki.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mwanachama wetu wa bodaboda anaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi na kurudi nyumbani saa nne usiku. Hizo ni saa 16. Akifanya hivyo siku 6 kwa wiki, anapata saa 96. Hata tukitoa saa 3 kila siku za kula na kukaa kijiweni, zinabaki saa 78. Huyu anafanya kazi ya karibu watu wawili, kwa mwili mmoja.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja kuhusu madhara ya saa nyingi za kazi. Yalionyesha kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 35, ya kupata kiharusi, akilinganishwa na mwenye kufanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo huongezeka kwa asilimia 17. Kwa mwaka 2016 peke yake, vifo vilivyotokana na hali hiyo duniani vilikadiriwa kuwa 745,000. Kwa hiyo uchovu ni hatari ya kazini kama ulivyo msumeno usio na kinga. Tofauti ni kwamba msumeno unaonekana, na uchovu hauonekani.

3. Hatari za barabarani

Tuanze na bodaboda, kwa kuwa vijana wengi wa wilaya zetu wamo humo. Kanuni za mwaka 2010 ziliweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo. Hatari za pikipiki zenyewe zinajulikana, na wodi za Hospitali za Temeke na Mwananyamala, pamoja na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hupokea majeruhi wake. Hapa tutazame hatari ambazo simu imeziongeza juu ya zile za zamani.

Ya kwanza ni jicho kuondoka barabarani. Pikipiki inayokwenda kilometa 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akitazama simu kwa sekunde 3 tu kusoma mahali abiria alipo, amekwenda mita 42 bila kuona mbele. Katika mita 42 za barabara ya Tandika, ndugu wanachama, kuna mama mwenye ndoo ya samaki, kuna mtoto wa shule na kuna shimo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba dereva anayetumia simu huwa katika hatari ya kupata ajali mara 4 hivi kuliko asiyeitumia.

Ya pili ni kupotea kwa zamu. Katika kijiwe chenye utaratibu, madereva hupokezana abiria kwa zamu. Tumezoea kuiona zamu kuwa ni haki ya kugawana riziki, na kweli ndivyo ilivyo. Lakini zamu ilikuwa pia ni mapumziko. Aliyengoja alikaa kivulini, akanywa maji, akanyoosha mgongo. Simu haina zamu. Inaita wakati wowote na popote, na anayekataa wito huhofia kwamba hataitwa tena. Hivyo saa za kungoja zimegeuka kuwa saa za mbio.

Ya tatu ni bei na makato. Dereva anayeachiwa kidogo katika kila safari hufidia kwa kuongeza safari, na anayeongeza safari huongeza uchovu. Jambo hili si la wilaya zetu peke yake, wala si dogo. Mwezi Machi 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini ilitangaza kwamba kampuni za usafiri wa kuitwa kwa simu zisikate zaidi ya asilimia 15 ya nauli. Mwezi Aprili kampuni ya Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Kiwango kikaangaliwa upya mwishoni mwa mwaka huo na kuwekwa asilimia 25, na kampuni ikarejea mwanzoni mwa mwaka 2023. Katika mabishano yale wengi walizungumzia fedha tu. Mwana ushirika na aone upande wa pili: kila asilimia inayokatwa hulipwa kwa muda wa dereva, na muda huo hutolewa katika usingizi wake.

4. Hatari za karakana

Tuje sasa kwa mafundi wetu: maseremala wa Keko, wachomeleaji, na mafundi wa simu na betri. Karakana nyingi zilizokuwa na randa ya mkono na msumeno wa mkono leo zina mashine za umeme. Meza iliyochukua siku tatu hutoka kwa siku moja. Ni maendeleo, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini kila mashine huja na vitu vitatu ambavyo muuzaji aghalabu havitaji: vumbi, kelele na ncha inayozunguka.

Vumbi la mbao si uchafu wa kupangusa tu. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani wameliweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mianzi yake. Mashine ya kupiga msasa hutoa vumbi laini kuliko la randa ya mkono, nalo huingia ndani zaidi ya mapafu. Dawa yake ya kwanza ni kuliondoa hewani kwa mlango ulio wazi pande mbili, feni ya kuvuta, na kufagia kwa maji badala ya kufagia pakavu. Barakoa huja baada ya hayo, haiji mahali pake.

Kelele huharibu masikio polepole bila kuuma. Kipimo chepesi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, basi kelele hiyo imefikia kiwango cha kudhuru. Masikio yaliyokufa kwa kelele hayafufuki kwa dawa.

Ama ncha inayozunguka, yapo makosa mawili ya kawaida. Fundi huondoa kinga ya msumeno ili kazi iende haraka, kisha huisahau pembeni. Au hufanya kazi na shati la mikono mirefu au uzi shingoni, vitu vinavyonaswa. Chama kinachonunua mashine ya pamoja na kiandike katika masharti ya matumizi: mashine bila kinga haiwashwi, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Betri nazo zinahitaji neno la peke yake. Pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuonekana jijini, na mafundi wetu wanaanza kuzifungua. Betri za lithiamu zikitobolewa, zikipigwa au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kuwaka moto mkali unaorudi hata baada ya kuonekana umezimika. Betri za zamani za risasi nazo zina sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo zisivunjwe uani zinapopikwa chakula na wanapocheza watoto, wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba.

5. Hatari za ofisini

Makatibu wengine watasema kwamba somo hili ni la madereva na mafundi. La, ni la kwao pia. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, na taarifa za vyama huingizwa humo kwa kompyuta. Daftari kubwa la leja limepungua kazi, na kazi hiyo imehamia machoni, shingoni, kwenye kiuno na vifundo vya mikono.

Matengenezo yake hayahitaji fedha nyingi. Kioo cha kompyuta kiwe usawa wa macho, hata kama ni kwa kukiinua juu ya vitabu. Miguu ikanyage chini na mgongo uegemee. Mwanga wa dirisha usipige kioo. Kila baada ya dakika 20, macho yatazame kitu kilicho mbali kwa mita 6 hivi, na kila saa mtu asimame na kutembea kidogo.

Ipo na hatari ya moyo na akili. Kundi la chama katika simu halifungwi saa kumi jioni kama ofisi. Mwanachama hutuma malalamiko saa sita za usiku na kutaka ajibiwe. Chama kiweke saa za kujibu na kuziheshimu. Wala tusidhani kwamba kazi ya mbele ya kioo haijeruhi. Jirani zetu wa Kenya wana mfano wa wazi. Wafanyakazi wa Nairobi waliajiriwa kuchuja picha na maandishi ya kutisha ili yasiwafikie watumiaji wa Facebook. Mwaka 2022 mmoja wa waliokuwa wafanyakazi hao, Daniel Motaung, alifungua shauri dhidi ya kampuni ya Meta na kampuni ya Sama, akidai kwamba kazi hiyo ilimdhuru akili. Hoja iliyotangulia ilikuwa ile ile ya dereva wetu wa Chamazi: nani aulizwe? Kampuni yenye mtandao ilisema haimo nchini. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba mahakama za nchi hiyo zinaweza kusikiliza mashauri dhidi yake.

6. Sheria inamlinda nani?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya viwanda ya mwaka 1950. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Sheria hii inataka mahali pa kazi pasajiliwe, hatari zitathminiwe, na wafanyakazi wapimwe afya.

Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kupokea michango ya waajiri mwaka 2015. Mchango huu hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara, ukapunguzwa, na mwaka 2022 ukafikia nusu asilimia. Chama chenye mishahara ya Sh. 1,000,000 kwa mwezi kwa kiwango hicho hulipa Sh. 5,000.

Hapa pana jambo la kwanza la kukumbuka. Chama chenye mtumishi hata mmoja, awe katibu, mhasibu, mlinzi au mfagizi, ni mwajiri. Kina wajibu wote wa mwajiri, hakiwezi kujificha nyuma ya jina la ushirika.

Na hapa pana jambo la pili, lililo gumu zaidi. Sheria ya fidia imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Dereva anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na fundi anayelipwa kwa kipande, aghalabu huhesabiwa kuwa wamejiajiri wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, hupokea wanachama waliojiajiri wanaochangia kwa hiari, na vyama na viwahimize wanachama wajiunge. Lakini akiba ya uzeeni si kitu kimoja na fidia ya ajali. Shirika la Kazi Duniani mwezi Juni 2022 liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika haki za msingi za wafanyakazi, na mwezi Juni 2025 mkutano wake ulianza kujadili kanuni za kazi zinazoitwa kwa njia ya mitandao. Ni hatua njema. Hata hivyo mwanachama aliyevunjika mguu leo hawezi kungoja mikutano ya Geneva. Anaye mmoja wa karibu wa kumwendea, naye ni chama chake.

7. Chama nacho kijitazame

Ndugu wanachama, kabla ya kunyoosha kidole kwa wenye programu na wenye pikipiki, hapana budi tujitazame. Chama cha akiba na mikopo kinapompa mwanachama mkopo wa pikipiki au wa mashine, humwandikia ratiba ya marejesho. Ratiba hiyo haijui mvua ya masika, haijui homa, haijui mfupa uliovunjika. Mwanachama anayeogopa kuchelewesha rejesho huendesha akiwa na usingizi. Kwa namna hiyo ratiba yetu imekuwa mashine mojawapo inayoongeza kasi ya kazi yake, nasi ndio tulioiwasha.

Na akianguka, hasara hairudi kwake peke yake. Marejesho husimama, wadhamini hukatwa akiba zao, na wadhamini hao ni wanachama wenzetu. Basi usalama wa mwanachama ni sehemu ya uangalifu wa fedha za chama. Kamati ya mikopo inayochunguza dhamana bila kuchunguza saa za kazi za mkopaji imeacha nusu ya uchunguzi wake.

Wapo waliokwisha kuona kwamba ushirika unaweza kushika hata usukani wa programu yenyewe. Mwaka 2021 kule New York kilizindua huduma chama cha ushirika cha madereva chenye programu yao wenyewe ya kuitia magari. Hatusemi kila chama cha Temeke kifanye hivyo kesho. Tunasema kwamba programu ni chombo kama mizani ya kahawa, na wana ushirika wa nchi hii wanajua tangu siku za KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933, kwamba anayeshika mizani ndiye anayepanga bei.

8. Mambo sita ya kufanya

(a) Daftari la Ajali. Kila chama kiwe nalo. Liandikwe tarehe, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, kifaa kilichotumika, jeraha, na saa ambazo mhusika alikuwa amekwisha kufanya kazi siku hiyo. Safu hii ya mwisho isiachwe, kwa maana ndiyo itakayofichua uchovu. Ziandikwe pia ajali zilizokosa kutokea kwa bahati. Daftari lifungiwe kabatini: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za afya ya mtu, na si halali kuzisambaza katika kundi la simu.

(b) Mwakilishi wa Usalama. Mkutano uchague mwanachama mmoja kila kijiwe au karakana, mtu anayesikilizwa na wenzake, awe na uwezo wa kusema mashine hii izimwe.

(c) Kanuni ya mapumziko. Chama kikubaliane juu ya siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa ya mwisho ya kazi usiku. Kwa madereva: simu ifungwe kwenye kishikio, isomwe pikipiki ikiwa imesimama. Anayevunja aonywe na wenzake, kama anavyoonywa anayeruka zamu.

(d) Sharti la mkopo. Mkopo wa pikipiki ujumuishe helmeti mbili nzuri, ya dereva na ya abiria. Mkopo wa mashine ujumuishe kinga yake. Na mkataba utamke kwamba mwanachama aliyeumia kazini, akithibitishwa na daktari, atasimamishiwa marejesho kwa muda utakaotajwa.

(e) Mfuko wa Ajali. Tuseme chama kina wanachama 60, na kila mmoja anatoa Sh. 500 kwa wiki. Kwa wiki 52 zinapatikana Sh. 1,560,000. Fedha hizi hazitajenga hospitali, lakini zitamfikisha majeruhi kwa daktari usiku ule ule na kulisha nyumba yake wiki za mwanzo. Masharti ya mfuko yapitishwe na mkutano mkuu, na hesabu zake zisomwe kama hesabu nyingine.

(f) Usajili. Katibu ahakikishe chama kimesajiliwa OSHA na WCF kwa ajili ya watumishi wake, na kwamba ajali ya mtumishi inatolewa taarifa mara inapotokea, bila kungoja kikao cha Bodi.

9. Maswali ya kujadili

1. Katika kazi ya chama chetu, ni kifaa gani kilichoingia katika miaka mitano iliyopita? Kimetuongezea nini, na kimetuletea hatari gani?

2. Kila mwanachama ahesabu saa alizofanya kazi wiki iliyopita. Ni wangapi wamezidi 55?

3. Mwanachama wetu akiumia leo usiku, atampigia nani simu? Huyo atakayepigiwa atafanya nini?

4. Je, yupo mwanachama aliyewahi kufanya kazi akiwa mgonjwa kwa kuogopa rejesho la chama? Turekebishe nini katika masharti yetu ya mikopo?

Kazi ya kufanya: kabla ya mkutano ujao, Katibu afungue Daftari la Ajali na kuandika humo ajali zote ambazo wanachama wanazikumbuka za miezi 12 iliyopita. Mkutano uzisome, bila kutaja majina ya walioumia, na kutafuta zile zilizofanana kwa saa, kwa mahali au kwa kifaa. Zilizofanana hazikuwa bahati mbaya. Zina sababu moja, na sababu inayojulikana huweza kuondolewa.

Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Dereva mmoja hawezi kuiambia simu ingoje, na fundi mmoja hawezi kumwambia mteja arudi kesho. Wanachama sitini waliokubaliana wanaweza.